Maswali ya Wasomaji: Maji ya Gari la Zimamoto Hutoka Wapi?

Barua zilizotufikia safari hii kutoka Mbeya, Iringa, Mafinga, Njombe na Tunduma zinauliza mambo mbalimbali kuhusu uzimaji moto, lakini nyingi zinarudi kwenye jambo moja, nalo ni maji. Nimechagua sita. Baadhi nimezijibu kwa urefu kwa sababu zinahitaji hesabu, na nyingine kwa ufupi.

Shikamoo mzee. Nina duka Mwanjelwa, Mbeya. Kila moto unapozuka mjini nasikia watu wakilalamika kwamba gari la zimamoto limekuja bila maji. Je, ni kweli kwamba magari haya hutoka kituoni matupu?

Marahaba, mwanangu. Lalamiko hilo nimelisikia tangu ujana wangu, na mara nyingi anayelitoa ameona jambo la kweli ila amelielewa visivyo. Tuchukue gari lenye tanki la lita 5,000, ambalo si dogo hata kidogo, kwa kuwa ni sawa na ndoo 250 za lita 20. Mpira mmoja wenye kipenyo cha milimita 45 ukifunguliwa ipasavyo hutoa takribani lita 450 kwa dakika. Kwa mpira mmoja, tanki hilo litadumu dakika 11. Moto ukiwa mkubwa na askari wakalazimika kutumia mipira miwili, maji yatakwisha kabla ya dakika ya sita, na mtu aliyefika eneo la tukio katika dakika ya saba ataapa kwamba gari lilikuja tupu.

Tanki la gari halikukusudiwa kumaliza moto wa soko au wa ghala. Limekusudiwa kununua muda. Katika kikosi kilichofunzwa vizuri kazi hugawanywa kabla gari halijasimama: kiongozi anazunguka jengo kutazama moto unaelekea wapi na nani yuko ndani, askari wawili wanavuta mpira wa kwanza, dereva anabaki kwenye pampu kwa kuwa yeye ndiye mwendesha pampu, na mwingine anakimbilia haidranti, yaani kile kituo cha kuchotea maji ya zimamoto kilichounganishwa na bomba kuu la mji. Askari huyo wa mwisho akiifungua haidranti ndani ya dakika hizo chache, moto umepata mshindani. Akikuta mfuniko umefukiwa kwa kokoto, umejengewa kibanda, au umeegeshewa gari ambalo mwenyewe amekwenda kunywa chai, hapo ndipo gari la zimamoto linapoondoka kwenda kujaza maji huku watu wakilizomea.

Kujaza nako kuna hesabu yake. Haidranti yenye msukumo mzuri inayotoa lita 1,000 kwa dakika hujaza tanki hilo kwa dakika 5. Bomba la nyumbani linalotoa lita 20 kwa dakika litahitaji zaidi ya saa nne. Kwa hiyo jirani anayemwambia dereva achote kwenye bomba lake ana moyo mwema, lakini msaada wake hautaokoa hata mlango.

Kwa ninyi wenye maduka naongeza jambo la vichochoro, hasa kwa kuwa Soko la Mwanjelwa liliwahi kuteketea mwaka 2006 na wengi wenu mnakumbuka. Mpira mmoja kwa kawaida una urefu wa mita 20 hadi 25. Gari likizuiliwa na meza za biashara likasimama mita 150 kutoka kwenye moto, itabidi kuunganisha mipira sita au zaidi, na kila mpira unaoongezwa unakula msukumo wa maji. Nitalieleza hilo mbele, kwenye swali la Mafinga.

Ninajenga jengo la ghorofa tano mjini Iringa. Fundi wangu anasema simtanki mbili za lita 5,000 juu ya paa zinatosha kwa matumizi na kwa moto. Mkaguzi anadai tanki la chini, pampu na bomba jekundu la kupanda hadi juu. Nani yuko sahihi?

Mkaguzi yuko sahihi, na si kwa sababu ana muhuri. Maji yaliyokaa juu hupata msukumo kutokana na kimo chake: kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa karibu bar 1, ambacho ndicho kipimo unachokisoma kwenye geji ya pampu. Mpira wa askari wa zimamoto huhitaji bar kadhaa kwenye nozeli, yaani mdomo wa mpira, ili maji yafike mbali na kuvunjika vizuri. Nozeli nyingi za ukungu, zinazotawanya maji kuwa matone madogo, hufanya kazi vyema kwenye bar 7. Sasa pima jengo lako. Ghorofa ya chini iko mita 15 hivi chini ya tanki, kwa hiyo inapata bar 1.5. Ghorofa ya juu kabisa iko mita 3 chini ya tanki, kwa hiyo inapata bar 0.3, kiasi cha kuoshea vyombo. Mahali ambapo ngazi ya gari hupafikia kwa shida ndipo ambapo tanki la paa linasaidia kidogo kuliko kote. Wala usitegemee bomba la mtaani lifidie upungufu huo, kwa maana Iringa ni mji wa kilimani, na msukumo wa bomba unaofaa bondeni unaweza kuwa umechoka ufikapo juu.

Ndiyo maana ya bomba jekundu. Liko la namna mbili. Bomba kavu halina maji siku za kawaida. Askari huunganisha gari lao kwenye mdomo uliopo chini nje ya jengo, wakasukuma maji, nao wenzao walio juu wakachomeka mpira kwenye koki ya ghorofa husika. Faida yake ni kwamba hawalazimiki kuburuta mipira kwenye ngazi ambazo wakati huohuo wapangaji wanazishuka. Bomba lenye maji muda wote husukumwa na pampu ya jengo lenyewe, nalo ndilo linalofaa majengo marefu ambako pampu ya gari ingeelemewa.

Kuhusu tanki la chini, usiogope kwamba maji ya kuzimia moto yatakaa bure. Tanki moja linaweza kutumika kwa yote mawili iwapo fundi atatoboa tundu la matumizi juu zaidi na tundu la pampu ya moto chini kabisa. Wapangaji watatumia hadi usawa wa tundu lao, na maji yaliyobaki chini hayataguswa na mtu hata mgao ukiwa mkali. Naomba ulisimamie hilo mwenyewe, kwa kuwa nimekuta matanki ambayo matundu yote mawili yalikuwa sawa, na siku ya ukaguzi hapakuwa na maji ya kuzimia moto wala ya kunawa.

Pampu nayo iwe na njia yake ya umeme, iliyotoka kabla ya swichi kuu ya jengo. Jambo la kwanza linalofanywa jengo likiwaka ni kukata umeme, na pampu iliyofungwa kwenye saketi moja na taa za korido itazimika pamoja nazo. Pampu ya dizeli ni bora zaidi, mradi betri yake isiazimwe kuwashia gari la mwenye nyumba.

Usidhani kufunga vifaa ndiyo mwisho. Tarehe 23 Februari 1991 jengo la One Meridian Plaza huko Philadelphia, Marekani, lenye ghorofa 38, lilishika moto kwenye ghorofa ya 22. Umeme ulikatika, na mabomba ya wima yalikuwapo, lakini valvu za kupunguza msukumo zilizofungwa kwenye koki zake zilikuwa zimerekebishwa vibaya, hata askari wakapata maji dhaifu yasiyotosha kupambana. Askari watatu walikufa. Moto ulipanda ghorofa baada ya ghorofa na kusimama ulipofika ya 30, ambako palikuwa na vinyunyizio vya darini vinavyojifungua vyenyewe kwa joto. Vinyunyizio kumi tu vilifanya kazi iliyoshindikana kwa askari mamia. Ukikamilisha jengo lako, waite Jeshi la Zimamoto na Uokoaji walijaribu bomba kwa maji halisi, ghorofa ya juu kabisa, kisha ulinde zile koki na viungo vya shaba, kwa maana wanunuzi wa chuma chakavu wanavijua vizuri kuliko wapangaji wako.

Shule yetu ya bweni iko nje kidogo ya mji wa Njombe. Chini ya mabweni kuna bonde lenye kijito kisichokauka. Je, gari la zimamoto linaweza kunyonya maji hapo?

Linaweza, lakini pima kwanza kimo kutoka usawa wa maji hadi mahali gari litakaposimama. Pampu haivuti maji kama kamba ivutavyo ndoo. Inatoa hewa kwenye mpira wa kunyonyea, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande, kama inavyokuwa kwa wazee wanaokunywa pombe ya kimpumu kwa mrija. Pwani, hewa inaweza kupandisha maji mita 10.3 kwa nadharia, na katika kazi halisi mita 7 hivi. Lakini Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi: nadharia inashuka hadi kama mita 8, na kazini usitarajie zaidi ya mita 5 na nusu. Kitabu cha mafunzo kilichoandikwa kwa ajili ya nchi za tambarare kitakudanganya hapa kwetu.

Bonde lenu likiwa na kina kuliko hicho, msikate tamaa, kwa sababu pampu iliyo dhaifu kwa kuvuta ni hodari kwa kusukuma. Pampu ya kubebeka ikishushwa hadi kando ya kijito itapandisha maji kimo cha mita 40 au zaidi bila tabu. Njia nyingine, ambayo kwa shule naipendelea zaidi, ni kujenga bwawa dogo la saruji karibu na mabweni, likajazwa na mvua za paa, mahali ambapo gari linaweza kusogea. Mahali hapo paimarishwe kwa mawe, kwa kuwa gari la lita 5,000 lina uzito wa zaidi ya tani 10, na udongo wa Njombe wakati wa masika hauna heshima kwa gari la mtu yeyote. Chujio la mpira wa kunyonyea lizame vizuri na lisiguse matope. Mkilitumbukiza ndani ya kikapu kigumu, mtakuwa mmelilinda. Mpira ukivuja hewa kwenye kiungo kimoja tu, hakuna kitakachopanda.

Tuna kiwanda cha mbao Mafinga. Tumenunua pampu na mipira yetu ya kuzimia moto, mingine ya milimita 45 na mingine ya 70. Ipi ni bora, na tuitunzeje?

Yote, kila mmoja mahali pake. Maji yakipita ndani ya mpira husuguana na kuta zake na kupoteza msukumo, na hasara hiyo huongezeka upesi kuliko watu wanavyofikiri: ukiongeza maji mara mbili, hasara huwa mara nne. Pitisha lita 450 kwa dakika kwenye mita 75 za mpira wa milimita 45, utapoteza karibu bar 4 njiani. Kwa mpira mpana hasara itakuwa karibu nusu bar tu. Kwa hiyo mpira mpana usafirishe maji kutoka kwenye pampu hadi karibu na moto, kisha kiunganishwe kigawanyo, yaani kiungo kinachogawa maji kwenye mipira kadhaa, na mipira myembamba ipelekwe ndani. Mita 25 za mpira wa milimita 70 zikijaa hubeba maji ya karibu kilo 96, mzigo ambao mtu hawezi kukimbia nao katikati ya magogo, ilhali ule wa 45 hubeba kilo 40.

Anayeshika nozeli asiwe peke yake. Lita 450 kwa bar 7 humsukuma nyuma kwa nguvu ya karibu kilo 27. Afungue na kufunga polepole, kwani kufunga kwa ghafla hupeleka pigo nyuma hadi kwenye pampu, na mpira dhaifu hupasuka. Kwenye lundo la vumbi la mbao tumieni ukungu, si maji ya moja kwa moja, ambayo hutawanya vumbi linalofukuta na kuwasha pengine.

Kabla ya yote, angalieni kama viungo vyenu vinaingiliana na vya gari la zimamoto la wilaya. Mji wa Baltimore, Marekani, uliungua Februari 1904 na kupoteza majengo zaidi ya 1,500, na vikosi vilivyokimbilia kusaidia kutoka miji mingine vilikuta mipira yao haifungi kwenye haidranti za hapo kwa sababu meno ya skrubu yalitofautiana. Kama viungo havilingani, nunueni vipande vya kuunganishia sasa.

Utunzaji ni rahisi: osheni, ningʼinizeni ikauke kabisa kivulini, ikunjeni upya kila baada ya muda ili mkunjo usikae mahali pamoja, na msiruhusu trekta kuikanyaga.

Mimi ni wakala wa mizigo Tunduma. Lori la petroli likiwaka kwenye foleni, kwa nini askari hawamwagi maji tu?

Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake na kuendelea kuwaka huku ikisafirishwa hadi chini ya lori linalofuata. Askari hutumia povu, kwa kawaida lita 3 za dawa katika kila lita 97 za maji, ambalo hufunika mafuta na kuyanyima hewa. Maji matupu hutumika kupoza matanki ya jirani. Wewe sogea mbali, na usimruhusu mtu kwenda kuchota yanayomwagika.

Nikipiga 114, namba ya dharura ya zimamoto, nisemeje?

Sema mahali ulipo kwa alama ambayo dereva mgeni ataitambua, kinachoungua ni nini, jengo lina ghorofa ngapi, na kama kuna watu ndani. Usikate simu kabla hujaruhusiwa. Kisha taja maji yaliyo karibu, iwe haidranti, bwawa, au tanki kubwa la jirani, na umtume mtu asimame kwenye njia panda ili gari lisipotee.