Mass Recall: anza nayo tu

Kaka, umeuliza kama Mass Recall inamfaa mtu ambaye hakuwahi kucheza StarCraft ya 1998, ule mchezo wa kompyuta wa vita na mikakati. Inafaa, tena sana. Mashabiki wameunda upya misheni zote 30 za mchezo wa kwanza na 26 za Brood War, nyongeza yake, ndani ya StarCraft II, na hawadai hata senti. Zamani ulichagua askari 12 tu kwa mkupuo, na wale Dragoon, mashine za vita zenye miguu minne, walikwama kwenye kila njia nyembamba hadi roho inauma. Hapa unaliamuru jeshi zima kwa pamoja. Folda za Maps na Mods zinazokuja na Mass Recall ziweke ndani ya folda ya StarCraft II. Anza na Terran, yaani upande wa binadamu, na mazungumzo ya kabla ya misheni usiyaruke.