Zahanati tumejenga, mwaka wa pili imefungwa: sera ya CSR inakwama wapi?

SWALI: Habari kaka. Niko kitengo cha mahusiano ya jamii kwenye mgodi wa dhahabu wa kati, Kanda ya Ziwa. Sera ya CSR (wajibu wa kampuni kwa jamii inayoizunguka) bodi ilishapitisha, hela ipo, ila utekelezaji ndo shida. Tulijenga zahanati, mpaka leo ina kufuli na wanakijiji wanatulaumu sisi. Diwani nae kila wiki ana ombi jipya. Tunakosea wapi?

JIBU: Salama dada, na pole sana, maana wewe ndo unaesemwa kijijini wakati waliopitisha sera wako Dar.

Nianze na zahanati. Kampuni nyingi mwaka wao wa fedha ni Januari mpaka Desemba, wa halmashauri unaanza tarehe 1 Julai. Sasa bodi ikipitisha hela Januari nyie mnakimbilia saiti, mnajenga, Septemba mnakabidhi na utepe unakatwa, ila mganga na nesi hawatoki kwenye hela yenu, wanatoka kwenye ikama ya serikali, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na dawa za MSD, bohari ya dawa ya serikali, haziji mpaka kituo kisajiliwe, na kama hayo yote hayakuingia kwenye bajeti iliyopita baraza la madiwani basi mkurugenzi wa halmashauri hata awapende vipi hana pa kutoa. Mnasubiri Julai nyingine.

Kwa hiyo kaeni na afisa mipango wa halmashauri mapema, Oktoba au Novemba, wakati wanaandaa bajeti yao, na msisaini mradi wowote kabla hamjapata kwa maandishi nani ataleta watumishi, maji, umeme. Nyumba ya mtumishi ndo inasahaulika kuliko vyote, nesi akipangiwa kijiji ambacho hana hata chumba cha kupanga, ataomba uhamisho tu na humlaumu.

Kuhusu diwani, sheria iko upande wako. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kilichoingizwa 2017, kinataka mwenye leseni aandae mpango wa CSR kila mwaka na akubaliane na halmashauri kwa vipaumbele vya eneo. Wengi wanakiona mzigo, mimi nakiona kinga: ombi lipite kamati ya maendeleo ya kata, lifike halmashauri, liingie mpango wa mwaka ujao. Mjibu hivyo kwa heshima, kila mara, bila kumpa hata mifuko kumi ya simenti ya pembeni, maana ukimpa yeye kata ya jirani watajua kesho yake. Na akikuambia ushuru wa huduma mnaolipa halmashauri ndo CSR yenyewe, au bosi wako akisema hivyo, kataa, ule ni tozo ya kisheria na una hesabu zake.

Ila msiishie halmashauri. Nendeni mkutano mkuu wa kijiji, ombeni muhtasari, na muulize maboma, yaani majengo waliyoanza wananchi yakaishia njiani, yapo mangapi. Hapa nasema kwa uchungu kabisa: watu wamechangishana, wamesomba mawe na mchanga, wamepandisha kuta za madarasa mpaka kwenye lenta, halafu kampuni inakuja kuanza msingi mpya mita chache pembeni ili iweke nembo yake. Paueni kwanza boma lao.

Ndani ya kampuni angalia manunuzi. Sera inasema mtumie mafundi wa hapo hapo, idara ya fedha inalipa baada ya siku 60, na fundi wa kijijini hana mtaji wa kulisha vibarua miezi miwili, anaacha saiti, mnaandika ripoti kwamba hana uwezo. Mtengenezeeni utaratibu wake wa malipo kwa hatua.

Kuhusu zahanati yenu iliyofungwa, wiki hii nenda kwa mganga mkuu wa wilaya, ukague nae jengo na akuorodheshee kinachokwamisha usajili na watumishi. Kama ni choo, kichomea taka au nyumba ya nesi, hela ya mwaka huu iende huko kabla ya mradi mwingine wowote, na tarehe mliyokubaliana mkaitaje wote wawili mbele ya mkutano wa kijiji.