Siku 10 za Everest Base Camp hazitoshi
Ndugu, ukipanga siku 10 za kwenda kwa miguu Everest Base Camp, kambi iliyo chini ya Mlima Everest huko Nepal, kutoka Kathmandu hadi kurudi Kathmandu, ni chache mno, panga 14 hadi 16. Kinachokwamisha wengi ni ndege ya Lukla, mji mdogo mlimani unapoanzia kutembea, wala si miguu. Uwanja wake wa ndege uko mita 2,845 hivi juu ya usawa wa bahari, njia ya kurukia ni fupi na imeinama, na rubani anatua kwa kuona kwa macho. Wingu likishuka, safari zote zinasimama. Acha siku 2 za akiba kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Oktoba na Novemba ndege nyingi za Lukla huondokea Ramechhap, mwendo wa saa 4 au 5 kwa gari kutoka Kathmandu, kwa hiyo mtatoka Kathmandu usiku wa manane.

Ili mwili uzoee hewa nyepesi, njiani lala kijiji cha Namche (mita 3,440) usiku 2, na cha Dingboche (4,410) usiku 2. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, usipande. Ukianza kuyumba ukitembea, shuka hapo hapo, hata kama ni usiku, tafadhali sana.

Bima iandike wazi kwamba inalipia helikopta ya uokoaji hadi mita 6,000. Rupia za Nepal taslimu chukua Kathmandu.