Usikimbilie kapsuli: kwa mnaoanza wodi ya mifupa

Mkiripoti wodini mtaelekezwa zamu, raundi na funguo za kabati la dawa. Mimi nawaongezea jambo moja ambalo huwa linasahauliwa: mgonjwa mwenye nyonga bandia ambaye kovu lake linavuja.

Hatakuja kwa machela. Atakuja na mkongojo wake, atawaamkia wote, na mara nyingi hana hata homa. Wengi ninaowaona hapa Mtwara walifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, wakarudi nyumbani, kwa hiyo kidonda kikianza kulia, sisi ndio mlango wa karibu.

Bibi mmoja wa Tandahimba alikaa kwenye benchi langu mwezi wa tatu. Alipopandisha kanga nikaona kipande kingine cha kanga, kimekunjwa mara nne, kimebandikwa ubavuni kwa plasta. Chini yake palikuwa na tundu dogo, hata punje ya mtama ingeliziba, linatoa tone moja la usaha mwepesi kila akikaa.

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu korosho, mwanangu."

Yaani tangu Oktoba. Miezi mitano, na muda wote huo akinunua kapsuli za antibiotiki dukani. Akizimeza tundu linafunga, akiacha linafunguka. Tundu linalofika hadi kwenye kiungo bandia halihitaji ubishi tena: kiungo kimeambukizwa. Msipoteze muda kulichovya kijiti cha pamba kupeleka maabara. Mtaotesha vijidudu vya ngozi, na mtamtibu mgonjwa ugonjwa ambao hana.

Kwa nini kapsuli hazimalizi? Tia mkono kwenye pipa la maji lililokaa wiki mbili bila kusuguliwa. Ule utelezi wa ukutani haumwagiki pamoja na maji, mpaka usugue. Bakteria nao hujenga utando wa namna hiyo juu ya chuma na plastiki ya nyonga, na wakishajificha humo dawa inaua wale wanaoelea tu. Dalili zinatulia, kiota kinabaki. Mara nyingi ni stafilokokasi, yule yule wa ngozini.

Hapo ndipo siku zinapokuwa na thamani kuliko dawa. Maambukizi yakigundulika ndani ya wiki nne hivi baada ya upasuaji, utando bado mchanga. Daktari bingwa anaweza kufungua, kusafisha kwa nguvu, kubadilisha kichwa na kikombe cha plastiki, akaacha vyuma vilivyoshika mfupa. Vivyo hivyo kwa nyonga ya zamani iliyovamiwa ghafla na vijidudu vilivyosafiri na damu kutoka kwenye jipu au jino, mradi dalili hazijapita wiki tatu. Baada ya hapo kwa kawaida vyuma vyote vinatoka.

Hili nililijua kwa gharama ya mtu mwingine. Mzee mmoja mvuvi alikuja wiki ya tatu baada ya upasuaji, kovu limelowa kidogo. Nikasafisha, nikafunga, nikamwomba daktari wa zamu aandike kapsuli za siku saba. Kidonda kikakauka. Mzee alifurahi hata akaniletea changu wawili, na nikawala. Miezi minane baadaye alirudi hawezi kukanyaga. Kwenye picha ya eksirei, chuma kilikuwa kimelegea ndani ya mfupa. Zile siku saba nilizojiona nimemsaidia ndizo zilizofunika moto.

Kwa hiyo akija anayevuja: pima joto, presha na mapigo, chukua damu kwa ESR na CRP (vipimo vya dalili za uvimbe na maambukizi mwilini), piga picha, funika kwa gozi safi, kisha mpigie daktari bingwa wa mifupa siku hiyo hiyo. Usingoje Jumatatu. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na waliokuwepo Mei 2024 mvua zilipokata barabara kule Kilwa wanajua maana ya kuchelewa siku moja. Majimaji ya nyonga yavutwe na mwenye ujuzi, kwa usafi wa chumba cha upasuaji, si kitandani wodini. Antibiotiki zingoje sampuli. Isipokuwa mgonjwa anatetemeka, presha inashuka, au amechanganyikiwa: huyo chukua damu ya kuotesha, halafu dawa ya mshipa palepale. Kumngojesha huyo ni kumuua.

Siku ya upasuaji daktari atatoa vipande vitano au zaidi vya nyama ya ndani kwa ajili ya maabara, kila kimoja kwa kifaa chake safi na chupa yake. Kazi yako ni kuandika vizuri na kuwaambia maabara wasitupe baada ya siku mbili, maana vijidudu vingine huchukua hadi siku 14 kuota. Mimi huwa naenda mwenyewe kwa miguu. Karatasi hupotea, uso wangu hawausahau.

Rifampisini, antibiotiki inayojulikana zaidi kwa kutibu kifua kikuu, itawaletea maswali. Hupenya utando vizuri, ila haitolewi peke yake, kwa sababu stafilokokasi huizoea upesi, wala haianzwi kidonda kikiwa bado kinavuja. Mgonjwa akiona mkojo wa rangi ya chungwa, na jirani akiitambua dawa, mtaa mzima utasema ana kifua kikuu. Mweleze kabla, mbele ya ndugu zake. Uliza pia kuhusu uzazi wa mpango na ARV, maana rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa hizo: anayetumia ARV iitwayo dolutegravir kwa kawaida atahitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Kuhusu muda, utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha wiki 6 na wiki 12 za dawa. Walioshindwa kupona walikuwa asilimia 18.1 kwa wiki 6, na 9.4 kwa wiki 12. Vidonge vinavyochaguliwa kwa majibu ya maabara vinaweza kuchukua nafasi ya dripu mapema, na huo ndio uliokuwa ukombozi wa yule bibi wa Tandahimba.

Dar walimtoa vyuma, wakamwekea kiungo cha muda cha simenti yenye antibiotiki, na baadaye nyonga mpya. Alirudi kwetu na vidonge vya wiki sita zilizobaki. Kalenda haisomi, kwa hiyo tukamhesabia korosho 42 kwenye kopo la maziwa: kila usiku akimeza dozi ya mwisho, anakula moja. Kopo likiisha, aje kliniki.

Alikuja siku tatu kabla, kopo tupu, kovu kavu, na vidonge vya siku tatu vimebaki kwenye pakiti. Mjukuu alikuwa ameiba korosho tatu.