Kabla ya Kulaumu Diski, Chora Ramani ya Kumbukumbu

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Nimetoa diski iliyokufa, nimeweka kadi mpya, mashine inawaka vizuri halafu inaganda. Nimechoka." Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Mwaka jana ningeuandika mimi, neno kwa neno.

Yangu ni kompyuta ya IBM PC XT, toleo la 1983. Diski yake ya megabaiti 10 ilikuwa haizunguki tena: inaguna mara moja, kisha kimya. Mtu niliyemheshimu sana katika kazi hii akaniambia niitupe mashine nzima. Kauli ile iliniuma, na hadi leo haijanitoka. Nikatafuta kadi ya XT-IDE, inayoiwezesha mashine ya zamani kutumia diski za kisasa zaidi, na CompactFlash, kadi ndogo ya kuhifadhia data inayoshika nafasi ya diski, nikafunga. Habari za skrubu na vumbi naziruka, unazijua.

Ikawaka! Jina la diski likatokea kwenye skrini, DOS, mfumo endeshi wake, ikaanza kupanda, kisha basi. Kiashiria kinapepesa, lakini kibodi haisikii, hata Ctrl, Alt na Delete ni bure. Nilihangaika wiki tatu. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha CompactFlash mbili, nikashuku hadi umeme.

Usiku mmoja nikawasha kwa flopi ya DOS isiyo na CONFIG.SYS, faili la mipangilio ambalo DOS husoma inapoanza. Diski ikasomeka yote, faili baada ya faili. Mikono ilinitetemeka. Kumbe diski ilikuwa nzima muda wote. Kilichoniangusha ni mstari mmoja wa CONFIG.SYS, ule unaoamsha kadi ya EMS, yaani kumbukumbu ya ziada inayoonekana kupitia dirisha dogo.

Prosesa ya 8088 iliyomo kwenye XT ina nyaya 20 za anwani, kwa hiyo inaona megabaiti 1 tu ya kumbukumbu. Kilobaiti 640 za chini ni za DOS na programu; huko juu wanabanana skrini, BIOS (programu inayoamsha mashine) na ROM za kadi (chipu zenye programu za kadi hizo). ROM ya XT-IDE nilikuwa nimeiweka kwenye anwani D0000, na EMS ikawa inafungua dirisha lake la kilobaiti 64 hapo hapo D0000. DOS ikienda kuiomba ROM isome diski, inakuta takataka. Nikahamishia ROM kwenye C8000, palipokuwa pa kidhibiti cha diski ya zamani, kadi niliyokwisha kuitoa. Dakika mbili, kazi imekwisha.

Basi ndugu yangu, chukua karatasi. Andika kila kadi na anwani yake, mwanzo na mwisho. Kidhibiti cha zamani kama bado kimo ndani, C8000 ina mwenyewe. Washa kwanza bila CONFIG.SYS. Halafu chora tena, maana mara ya kwanza utasahau kadi moja. Tumezoea kununua kipuri kabla ya kuuliza kinakaa wapi, na mashine nzima kabisa zinatupwa kwa sababu hiyo. Usikubali kuambiwa utupe na mtu ambaye hajafungua hata kifuniko.

XT yangu inanguruma hapa pembeni ninapoandika. Ukishachora, niambie ROM yako iko wapi na EMS inafungua wapi.