Seva ya pili inazimika ghafla umeme ukikatika

Pole sana ndugu. Nimekuelewa: seva mbili ziko kwenye UPS moja (betri ya akiba umeme ukikatika), yenye kebo ya USB inajizima vizuri, nyingine inakatika ghafla na hifadhidata inaharibika.

Kwanza angalia swichi ya mtandao: imechomekwa kwenye UPS? Yangu ilikuwa ukutani, kwa hiyo umeme ukienda seva ya pili haikupata taarifa yoyote. Kisha weka NUT (programu inayosoma hali ya UPS na kuwapa seva nyingine taarifa kupitia mtandao) kwenye zote; katika faili lake la mipangilio, upsmon.conf, yenye kebo iwe primary (seva kuu), nyingine secondary (inayoifuata).

Usisubiri betri iishe. Betri iliyochakaa hudanganya. Yangu ilionyesha 60% ikazima palepale. Sasa nazizima seva baada ya dakika 3 bila umeme, kwa upssched, kipima muda cha NUT.

Jaribu kwa amri ya upsmon -c fsd kwenye seva yenye kebo, lakini inazima seva kweli, basi waarifu watumiaji kwanza.