Kopo la makaa, ndoo ya maji moto: majibu ya wiki hii

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka jikoni. Nimechukua matano.

Nanunua makaa ya kopo asubuhi na jioni, na siku ya maharagwe hata makopo mawili hayatoshi. Nifanyeje?
*Mama wa watoto wanne, Manyatta, Kisumu*

Mama, kila mtu atakuambia ununue gunia. Kweli gunia ni nafuu, lakini anayenunua kopo hapendi kununua kopo; pesa yenyewe humjia kwa kopo. Basi tuanze na kisichodai mtaji.

Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga yale maji, weka mengine yapite maharagwe kwa vidole viwili. Yachemshe kwa moto mkali nusu saa nzima. Hapo usibanie makaa, hasa kama maharagwe ni mekundu, maana yana sumu ambayo haiishi mpaka yatokote sawasawa. Sufuria ikiwa bado inatokota, ifunike vizuri, uitumbukize kwenye kikapu ulichotandika blanketi kuukuu chini na pembeni, na juu yake sweta nzito. Nenda zako sokoni. Usifunue kuchungulia! Baada ya saa tatu au nne utakuta yameiva kwa joto lao wenyewe. Yatokoteshe tena kidogo ukiyaunga, upakue.

Kikapu changu ni cha sokoni, kilikatika mkono, sikukitupa. Mara ya kwanza nilijaza maji kama ninavyozoea jikoni, nikapata supu. Kikapuni maji hayakauki, ndiyo maana nasema vidole viwili.

Jambo la pili, angalia udongo wa ndani ya jiko lako. Ukipasuka, moto unapasha bati na miguu yako. Huna haja ya jiko jipya. Mafundi wa jua kali pale Kibuye hutia udongo mwingine kwenye bati lile lile. Gunia lije baadaye, mkichanga majirani watatu na kugawana siku hiyo hiyo, mlangoni, kila mmoja akiona.

Mimi na jirani tunanunua tokeni za umeme za bei moja, lakini yeye anapata yuniti nyingi kuliko mimi. Mita yangu imeharibika?
*Kijana anayeishi peke yake, Lanet, Nakuru*

Yaelekea mita ni nzima, kaka. Bei ya yuniti kwa nyumba ina ngazi tatu: wanaotumia hadi 30 kwa mwezi hulipa kidogo zaidi, kisha hadi 100, kisha wanaopita hapo. Kampuni hutazama wastani wa miezi mitatu, kwa hiyo ukishapanda ngazi hushuki kesho yake. Na kama plotini mnachangia mita moja, matumizi yenu yote hujumlishwa. Unaweza kuwa na balbu mbili na redio, ukalipa bei ya mwenye majokofu.

Umeniandikia kwamba una kichwa cha kuoga cha umeme. Mshukiwa wangu ni huyo. Cha wati 5,000 kikiwaka dakika kumi hula yuniti 0.8 hivi, yaani karibu 25 kwa mwezi ukioga mara moja kwa siku. Kabla ya kupita zile 30 umebakiwa na tano tu za taa, simu na pasi. Najua baridi ya Nakuru alfajiri si ya kujibizana nayo, lakini lita tatu za maji yaliyochemka, ukizichanganya na saba za bomba, ni ndoo ya kuogea yenye joto la kutosha. Imekula robo yuniti.

Mavuno yamefika na mahindi yameshuka bei. Ninunue gunia sasa au niendelee na gorogoro?
*Mwalimu, Luanda, Vihiga*

Nunua, Mwalimu, ila si kabla ya kuyapima. Gunia la kilo 90 ni gorogoro 45 za kilo mbili. Piga hesabu kwa bei ya gorogoro ya mwezi wa tano, uone unachookoa.

Hatari ni unyevu. Mwaka mmoja nilinunua magunia mawili mwezi wa tisa, yanang'aa, nikayapanga chumbani juu ya sakafu. Kufikia Novemba nilipotia mkono ndani nikahisi joto, na harufu kama ya nguo zilizolala mvua. Ukungu. Watu wakaniambia niwape kuku. Sikukubali, maana sumukuvu huwadhuru kuku pia. Niliyatupa yote.

Tangu hapo natembea na chupa. Tia chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi mpaka robo, funga, tikisa vizuri, uache kama dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kioo, mahindi yana maji. Mwambie mwenye mali ayaanike au umwache nayo. Yakiwa makavu, yatie kwenye yale magunia yenye mifuko miwili ya plastiki ndani, ufunge kila tabaka kwa kamba. Fukusi hufa kwa kukosa hewa, bila dawa. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta. Kisha peleka kisiagi debe moja moja, kwa sababu unga haukai kama punje.

Nyama imetushinda. Tule nini badala yake?
*Baba, Nyalenda, Kisumu*

Uko Kisumu unauliza hivyo, ndugu yangu? Mtaani Obunga kuna mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Omena, wale dagaa wa ziwani, nunua Machi, zilizokauka vizuri, kabla uvuvi wake haujafungwa Aprili hadi Julai.

Mume wangu yuko kazini mbali, ananitumia shilingi 200 kila siku kwa M-Pesa. Siku ya tano nakuta hatujala hata ya 1,000. Zinaenda wapi?
*Mama mwenye mtoto mchanga, Ahero*

Zinaenda njiani, dada. Kutuma 200 ni shilingi 7, kutoa kwa wakala ni 29. Mara tano hiyo ni 180. Akituma 1,000 kwa pamoja analipa 13, na wewe ukitoa mara moja ni 29 zile zile: jumla 42.

Kama anaogopa utazimaliza siku moja, zungumzeni hilo lenyewe, maana hofu yake inawagharimu 138 kila siku tano. Na usitoe zote. Duka lenye tili, yaani nambari ya kulipia kwa M-Pesa, lilipe kwa simu, hukatwi kitu. Mama mboga asiye na tili mtumie kwa nambari yake. Hadi 100 hakuna ada.